Mamba Niliyemtia Ziwani Kivu

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja nilipoandikiwa kwa wino mwekundu kwamba maisha yangu hayana hatari ya kutosha. Aliyeniandikia alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza, kijana ambaye ningeweza kuwa shangazi yake. Mpaka leo nikiikumbuka karatasi ile, masikio yanapata moto.

Nieleze kwanza nilifikaje kwenye darasa lake. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Gisenyi, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokuwa wakimbizi. Niliishia darasa la saba, na tuliporudi Rwanda nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Gisenyi nililetwa na ndoa. Hotelini nilianza kwa kupiga deki, nikapanda taratibu mpaka kaunta. Kiswahili ninacho, Kinyarwanda ninacho, Kifaransa nimekiokota kwa wageni. Kiingereza nilikuwa nacho cha kumwambia mtu kwamba maji ya moto yanaanza saa kumi na mbili na chai inapatikana chini. Basi akaja meneja mpya, akatutangazia kwamba kila anayeongea na wageni alete cheti cha Kiingereza cha daraja la pili kabla ya mwaka kwisha. Asiye nacho atahamishiwa kwenye mashuka. Alisema hivyo akitabasamu, na tabasamu lile lilinikera kuliko mashuka yenyewe.

Darasa lilikuwa mara tatu kwa wiki, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, katika shule ya msingi ambayo watoto walikuwa wameshaondoka. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yakigusa kidevu. Tulikuwa kumi na wanne. Mbele yangu alikaa dereva wa moto, ndivyo tunavyoita bodaboda huku, kijana mcheshi, kofia yake ya chuma hakuiacha hata siku moja nje. Pembeni yangu alikaa mama mmoja muuza samaki kutoka Nyamyumba, amepita miaka hamsini, aliyekuja darasani moja kwa moja kutoka sokoni. Alikuwa akinawa mikono kwa ndimu pale bombani kabla ya kuingia, lakini harufu ya sambaza, wale dagaa wa Kivu, ilikuwa imeshaingia kwenye kitenge na haikuwa na mpango wa kutoka.

Siku ya kwanza nilimuuliza Kiingereza anakitakia nini.

"Wajukuu yangu iko Canada," alisema. "Wanajua Kiingereza tu. Mi nikipiga simu wanasema halo, kisha wananyamaza. Mi pia nanyamaza. Tunaangaliana tu mu simu sawa vile samaki."

Muhula wa kwanza sikuwa na malalamiko. Tulijifunza juu ya, chini ya, kando ya. Tulijifunza kuuliza njia na kuagiza chakula. Mwalimu alikuwa amekulia Uganda, Kiingereza chake kilikuwa kinateleza kama maji, na alikuwa mvumilivu. Shida ilianza muhula wa pili alipoingia na faili nene la nakala za fotokopi, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayeweka mtoto mchanga.

"Sasa tutasoma kumbukumbu za watu," alisema. "Watu walioteseka na wakanusurika."

Tukaanza. Kulikuwa na mwanamke aliyevuka jangwa akinywa umande wa majani. Kulikuwa na mwanamume aliyefukiwa mgodini, akawa anahesabu siku kwa mikwaruzo ukutani. Kulikuwa na msichana aliyeishi msituni kwa mizizi. Sina ubaya na watu hao. Nilimhurumia yule wa mgodini mpaka nikamwota. Kilichonichosha ni maswali yaliyofuata kila ukurasa. Taja vivumishi vitano vya njaa. Mwandishi alijisikiaje? Mwandishi alijifunza nini? Na jibu la swali la mwisho lilikuwa moja siku zote: alijifunza kutokata tamaa. Ukiandika kitu kingine, kwa mfano kwamba alijifunza kutoingia jangwani bila maji, unakatwa alama. Nilikatwa.

Siku moja mwalimu aliuliza darasa zima, "Kwa nini mwandishi huyu hakukata tamaa?"

Yule dereva wa moto akanyoosha mkono. "Kwa sababu angekata tamaa, asingeandika kitabu, sisi tungekuwa tumeshaenda nyumbani."

Tulicheka mpaka dawati likalia. Mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni neno refu la Kiingereza lenye maana ya ustahimilivu, akalipigia mstari mara mbili, akatuagiza tuliandike mara kumi.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu namna alivyonusurika katika maisha yake. Ukurasa huo ndio ungebeba nusu ya alama za cheti.

Hakuna aliyegusa kalamu, na haikuwa kwa kutojua jibu. Katika mji huu kuna mambo ambayo mtu hayatoi ndani yake ili arudishiwe na alama kumi na sita juu ya ishirini. Mama wa dawati la nyuma alifunga daftari lake polepole na kuangalia dirishani. Nadhani mwalimu aliliona hilo, maana aliongeza haraka, "Si lazima kiwe kitu kikubwa. Andikeni chochote. Hata kidogo."

Nikamwamini, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Niliandika kuhusu maji. Mwaka ule mlima ulipolipuka upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka Kongo, ardhi ilitetemeka hapa kwetu siku baada ya siku. Ukuta wa jiko langu ulipasuka kutoka juu mpaka chini, na bomba la mtaa wetu likakatika. Binamu ya mume wangu alivuka mpaka na watu wake tisa, wakaja kukaa sebuleni kwetu. Tulilala uani juu ya mikeka, wote, kwa kuogopa kuta. Kila alfajiri nilikwenda na madumu mawili kutafuta maji, kisha tukaoga kwa zamu, kikombe kimoja kimoja, wazee kwanza, na mimi wa mwisho kwa sababu ndiye niliyekuwa naenda kazini na nilitaka kufika nikiwa bado nimelowa kidogo. Sikuchelewa kazini hata siku moja. Sare yangu ilikuwa imepigwa pasi. Jambo hilo nililiandika kwa fahari. Kuandika ukurasa huo kulinichukua siku nne, kamusi mapajani, na nilijua kila neno lilivyopatikana.

Nilipata saba.

Chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: Hii ni adha, si kunusurika. Hatari iko wapi? Ulilia lini?

Nilisoma mara tatu. Ulilia lini! Nilitaka kumwambia kwamba mwenye watu tisa sebuleni hana mahali pa kulilia. Kabla sijainua mkono, muuza samaki akanisogezea karatasi yake.

"Mama, nisomee hii ya rangi nyekundu. Anasema nini?"

Karatasi yake ilikuwa na sentensi tano, kwa herufi kubwa zilizokaa wima. Mume wangu alikwenda ziwani. Mtumbwi ulirudi. Nilianza kuuza samaki. Nina watoto watano. Sasa ni wakubwa.

Alikuwa amepewa nne. Wino mwekundu ulisema: Ongeza maelezo! Ulijisikiaje?

Nilimsomea. Nilisoma kwa sauti ya chini, na nilijisikia kama mimi ndiye niliyeandika maneno yale.

"Niongeze nini?" aliuliza. Hakuwa amekasirika, aliuliza kwa kutaka kujua kweli. "Mutumbwi ilirudi, ye hakurudi. Iko nini ingine?"

"Anataka useme ulivyojisikia."

Alinitazama. "Ye hajui?"

Mwalimu alitangaza kwamba asiyeridhika anaweza kuandika upya mpaka Jumatatu. Nikaondoka darasani nimekunja uso, nikamkaripia dereva wa moto wa watu, nikamkaripia mume wangu aliyekosea namna ya kunipa pole. "Si kazi tu ya shule?" alisema. Ni kweli ilikuwa kazi ya shule tu. Lakini mashuka yalikuwa yananisubiri, na nilikuwa na saba.

Jumapili baada ya misa nilikaa na daftari mezani, nikasema moyoni: anataka hatari, nitampa hatari.

Niliandika kwamba nilipokuwa na miaka tisa tulivuka Ziwa Kivu kwa mtumbwi, mimi na kaka yangu mdogo. Kaka mdogo sina, mimi ni kitinda mimba. Mtumbwi ukapinduka. Tukashikilia ubao siku mbili usiku na mchana. Mdogo wangu alikuwa ananiimbia ili nisilale. Nilivyozidi kuandika ndivyo nilivyozidi kunogewa. Maneno ambayo kwenye kisa cha maji niliyatafuta kwa jasho, sasa yalikuja yenyewe, maana yote nilikuwa nimeyanakili kutoka kwa yule wa jangwani na yule wa mgodini. Nilitumia vivumishi vyote vitano vya njaa. Kisha, nilipoona bado kuna mistari sita mitupu, nikatia mamba. Sisi wa Karagwe tunaogopa mamba wa mto Kagera tangu utotoni, kwa hiyo nilimjua vizuri: macho juu ya maji, kimya chake, anavyozama bila kutikisa kitu. Alituzunguka mara tatu, akaenda zake. Nilimalizia kwa kusema nimejifunza kutokata tamaa.

Jumatano mwalimu aliingia na karatasi yangu mkononi. Alitunyamazisha, akaisoma kwa sauti yote kutoka mwanzo. Alipofika kwa mdogo wangu anayeimba, sauti ilimkatika, akavua miwani, akaifuta. Dereva wa moto, yule yule mcheshi, alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kwenye kona ya jicho. Nilipata kumi na nane. Nilitaka dawati linifunike.

Muuza samaki aliniinamia mpaka nikanusa ndimu.

"Mama," alinong'ona, "mu Kivu hamuna mamba."

Nilimgeukia. "Hamna?"

"Hata moja. Tangu zamani. Watoto yetu wanaoga mule kila siku." Akaegemea dawati. "Tena we si ulisema ulikulia Tanzania? Ulipitia wapi mu hii ziwa?"

Zaidi ya miaka kumi nimeliangalia ziwa lile kutoka kaunta. Siogelei, naogopa maji yaliyozidi magoti, na haikuwahi kunijia kuuliza kama lina mamba. Nilidhani kila maji makubwa yana wake. Na mwalimu naye, mtoto wa Uganda, alidhani hivyo hivyo. Katika darasa la watu kumi na wanne, nusu yao wazaliwa wa pwani ya ziwa hili, hakuna aliyesema neno. Baadaye nilijua kwa nini. Walikuwa wamedhani nimeficha kitu kibaya zaidi, nikakivika ngozi ya mamba. Waliniheshimu. Hilo liliniumiza kuliko kama wangenicheka.

Mwisho wa darasa mwalimu alinijulisha habari njema. Kungekuwa na sherehe ya kugawa vyeti, waajiri wote wamealikwa, na mimi ndiye ningesoma kisa changu mbele yao. Meneja wangu angekuwa mstari wa kwanza.

Nilimfuata muuza samaki mpaka getini.

"Mama, niruhusu nisome yako badala ya yangu. Zile sentensi tano. Ni za kweli."

"Reka, acha," alisema, akitikisa kichwa. "Ile ni yangu."

"Lakini mwalimu hakuielewa. Watu wakiisikia..."

"Mi sikuandika juu watu wasikie. Niliandika juu mwalimu alisema tuandike. Soma yako." Akaifunga vizuri ncha ya kitenge. "Ile yenye haina mamba."

Kesho yake nilikwenda kumwona mwalimu kabla ya darasa. Nilimkuta anafuta ubao wa watoto. Nikamwambia kila kitu kwa Kinyarwanda, ili pasiwe na kisingizio cha lugha.

"Lakini nililia," alisema.

"Najua, mwalimu. Nisamehe."

"Mamba hakuwepo?"

"Hakuwepo. Hata mimi sikuwepo."

Alikaa juu ya dawati, kifutio mkononi, chaki ikimdondokea suruali. Nilingoja anikemee. Badala yake alisema jambo lililonifanya nitamani kumkemea mimi.

"Ratiba imeshachapishwa. Si ukisome tu? Ni kizuri. Nani atajua?"

"Mji mzima unajua! Ni wewe tu na mimi tusiojua kwamba ziwa hili halina mamba!"

"Unaweza kumtoa mamba."

"Mwalimu, nikimtoa mamba nimtoe na mdogo wangu. Nikimtoa mdogo wangu nimtoe na mtumbwi. Unabaki na nini?"

Alijipangusa chaki kwenye suruali. "Vivumishi," alisema, na sijui hata leo kama alikuwa anatania.

Hatimaye alikubali nisome ninachotaka, na nilisoma maji. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, viti vya plastiki, maua ya karatasi. Nilisimama na ukurasa wangu wa alama saba, nikausoma kwa Kiingereza changu, neno kwa neno. Nisidanganye kwamba ukumbi ulisisimka. Meneja wangu alikuwa anaangalia simu. Mgeni mmoja alipiga mwayo mpaka nikaona jino la dhahabu. Lakini nilipofika kwenye kikombe kimoja kimoja cha maji, wazee kwanza, mwanamke mmoja wa nyuma alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyekuwepo, kisha mwingine akacheka, na dereva wa moto akapiga kelele kwa Kinyarwanda, "Sisi tulikuwa kumi na watatu!" Mwalimu akamwonyesha kidole kwamba hapa ni Kiingereza tu. Nilimaliza, nikapigiwa makofi ya adabu, nikapokea cheti changu, nikakaa.

Baadaye tulipewa soda na sambusa uani. Mwalimu alikuja akasimama karibu nami, chupa ya fanta mkononi, akiizungusha tu.

"Unajua mimi nilivyosoma?" alisema mwishoni. "Nilipokuwa na miaka kumi na minne, wafadhili walikuja shuleni kwetu. Walitupa karatasi, tuandike shida zetu. Aliyeandika vizuri alilipiwa. Niliandika kwamba mama yangu amekufa." Akanywa kidogo. "Mama yangu alikuwa nyumbani anapika. Nilipata nafasi. Rafiki yangu aliandika ukweli, kwamba wana ng'ombe wawili na baba mlevi, akakosa. Mpaka leo anachunga ng'ombe wale."

"Mama yako alijua?"

"Nilimwambia nilipomaliza chuo. Alicheka kwanza. Halafu hakuongea nami wiki mbili."

Hasira niliyokuwa nimeitunza muhula mzima haikuisha, ila ilipoteza mahali pa kukaa. Nilimwona yule mtoto wa miaka kumi na minne na karatasi yake, anamwua mama kwa kalamu ili apate sare ya shule, na nikaelewa kwa nini alikuwa anatuuliza sisi watu wazima tulilia lini. Alidhani anatusaidia. Alikuwa anatufundisha njia pekee aliyoijua ya kufungua mlango.

Hata hivyo sikumwachia.

"Na yule mama wa samaki?" nilimuuliza. "Bado ana nne?"

"Nimempa kumi."

"Kumi! Mwalimu, ile karatasi..."

"Siwezi kutoa zaidi," alisema, akirudi kuwa mwalimu, mabega yamenyooka. "Sentensi ni tano tu. Kazi ilikuwa ukurasa mzima."

Nilifumba macho. Nikahesabu mpaka kumi kwa Kiingereza, nikahesabu tena kwa Kifaransa. Nilipoyafumbua, muuza samaki mwenyewe alikuwa amefika, amefunga sambusa mbili kwenye karatasi ya kupangusia mikono.

"Nasikia iko kumi," aliniambia. "Kumi inatosha?"

"Inatosha kupita, mama. Lakini ungestahili..."

"Bon," alisema. "Kama inatosha, inatosha." Akampa mwalimu mkono, akamshukuru kwa sentensi nzima ya Kiingereza isiyo na kosa hata moja, akatoka kutafuta moto ya Nyamyumba kabla mvua haijaanza.